Ramani ya Jua la Kambi Yetu

Jumatatu, 7 Julai 1975

Saba Saba. Hotuba, ngoma, wali. Baada ya wali mkuu wa kambi, Meja Lugembe, akasema kuni karibu na kambi zimekwisha. Miti yote imeingia kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Makuruta tunatembea maili nne kutafuta kuni za jikoni. Atakayeleta wazo bora la kupunguza kuni atapelekwa Dar es Salaam kusomea upimaji na uchoraji wa ramani. Nafasi moja!

Nafasi hiyo ni yangu. Tangu nimalize shule sijaomba kitu kingine. Jiografia nilipata alama 91, na baba, Mzee Mabruki, ni fundi bati mjini Tabora. Nani mwingine hapa anajua ramani na mapipa kwa pamoja?

Wazo: mapipa sita, yapakwe masizi na oili chafu, yajazwe maji, yakae juani tangu asubuhi. Jioni, maji ya moto bila hata kijiti! Kwanza nichore ramani: kila jengo, upande wa jua na upande wa kivuli.

Ningeinua mkono pale pale. Mkono ulikataa. Hunifanyia hivyo tangu darasa la kwanza. Nitaandika.

Jumanne, 8 Julai

Ramani inataka kaskazini. Dira ziko ofisini, na kuomba dira ni lazima useme na mtu. Hakuna shida. Kitabu chetu cha shule, kilichopigwa chapa Uingereza, kinasema kivuli cha mchana, kikiwa kifupi kuliko vyote, huelekea kaskazini. Mlingoti wa bendera ungefaa sana. Lakini uko katikati ya kiwanja cha gwaride, na hapo hapakatizwi ovyo.

Nikafikiri. Nikaenda kwenye gwaride la mchana na buti lisilo na kamba.

Koplo Jilala alifurahi kama kapewa zawadi. Aliuliza kama mtoto wa mjini anadhani buti ni kandambili. Akaniamuru nikimbie mizunguko thelathini kuzunguka mlingoti, juani! Kila mzunguko nilitazama kivuli. Kilipofika kifupi kabisa, nikaangusha kokoto kwenye ncha yake. Sijawahi kuadhibiwa vizuri namna hii.

Jumatano, 9 Julai

Ramani inapendeza. Upande wa kivuli nimeandika KASKAZINI. Upande wa jua nimeandika KUSINI, kwa wino mwekundu, na mapipa yote sita nimeyachora huko.

Eustadia wa kitanda cha juu aliichungulia, akacheka hadi kitanda kikalia. Ni binti wa mkulima wa Urambo, Mmoraviani, darasa la saba, sauti ya tarumbeta. Ati wee Sikuzani, Bukene imehamia kusini lini? Ati wakati huu wa kipupwe jua hupita upande wa Bukene, yaani kaskazini, na mama yake huanika mihogo upande huo kila mwaka. Nikamjibu kwamba mihogo si sayansi. Nilimjibu kimoyomoyo.

Alhamisi, 10 Julai

Nimekamatwa!

Nilikuwa napima kwa hatua, polepole, karibu na ghala la silaha. Jilala alitokea nyuma yangu. Alisema kuruta anayetembea bila kuimba ama anaumwa ama ni jasusi, akauliza mimi ni yupi. Nilitaka kueleza. Midomo ikagoma. Nikampa ramani, pamoja na barua niliyoandika wazo langu. Hilo halikusaidia.

Muda wa saa tatu mahabusu. Halafu mbele ya Meja. Akaitazama ramani kwa muda mrefu, akaisoma barua yangu, akaniuliza kama ni kazi yangu. Nikatikisa kichwa kukubali. Alisema kijana akijitegemea kwa akili kama hii, taifa litafika. Hata hivyo, kwa kuzurura ghalani bila ruhusa, siku mbili za kusugua masufuria.

Mapipa yatawekwa kesho alfajiri. Jumamosi Meja mwenyewe ataoga kwanza, kisha atamtaja wa Dar es Salaam. Nimeanza kukunja nguo.

Ijumaa, 11 Julai

Masufuria. Kupitia dirisha la jiko nilimwona Jilala na dira mkononi, akipanga mapipa upande wa kusini wa kila jengo, kama ramani inavyosema. Ajabu: yamekaa kwenye kivuli! Nilitaka kumwita. Nilifungua kinywa, nikafumba. Baadaye nikatulia. Ramani yangu ni sahihi, kwa hiyo jua litafika tu. Pengine limechelewa.

Jumamosi, 12 Julai

Saa kumi jioni. Kambi nzima imekusanyika mbele ya bafu la mabati. Meja aliingia na taulo, akiimba. Tulisikia kata moja ya maji.

Kisha tukasikia mlio. Sikujua mwanajeshi anaweza kufika sauti ya juu vile.

Alitoka akitetemeka, povu masikioni, akauliza nani aliyepima jua hili. Kila mtu akanitazama. Nikalitazama buti langu. Ndipo Eustadia, bila hata kuulizwa, akapaza sauti: Afande, yahamishwe tu upande wa pili! Jilala akaonyesha dira. Upande wa pili ni kaskazini.

Jumapili, 13 Julai

Yamehamishwa. Jioni maji yalikuwa ya moto, wapishi wakapika ugali kwa nusu ya kuni. Meja aliimba beti zote. Eustadia anakwenda Dar es Salaam. Eustadia, ambaye hajui kupiga mstari kwa rula! Alinishika bega, akasema mdogo wangu, mapipa ni yako, siku nyingine sema. Ana moyo mzuri. Hana elimu.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu na nimeona kosa lilipo. Dira ya Jilala ni mbovu. Kitabu kilichopigwa chapa Uingereza hakiwezi kukosea mlingoti mmoja wa Tabora.

Tena Meja amesema mwakani kutakuwa na nafasi nyingine. Tayari nina wazo: ramani ya upepo, tujenge kinu cha kusagia mahindi. Kwanza nahitaji kaskazini, kwa uhakika safari hii.

Kamba za buti nimeshazitoa.