Anakuja, Kinakuja

Jumatatu, 3 Juni

Binti yangu, ambaye ni muuguzi, ametoa amri. Nitembee kila asubuhi, la sivyo atanihamishia kwake. Kwake hakuna rafu hata moja ya vitabu. Nimekubali kwa shingo upande.

Tatizo ni Jumamosi. Chama chetu cha wasomaji kinachagua mwenyekiti, na kanuni, niliyoitunga mwenyewe, inasema asiyemaliza kitabu cha mwezi hagombei. Kitabu cha mwezi huu ni kinene kama tofali, na kutembea kunakula saa zangu za kusoma. Shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu, tayari yuko sura ya mwisho. Tunamwita Mkaguzi kwa kazi aliyostaafu, ingawa sijui alikagua nini. Mtu anayesema "kitabu yangu" mbele za watu awe mwenyekiti wa wasomaji? Heri nife kwanza.

Leo nimetembea huku nikisoma, nikizunguka uwanja wa zamani wa mpira nyuma ya ghala. Nimegonga mlingoti wa goli na kuuomba radhi. Mkaguzi alikuwa ameketi ukutani akitazama. Akaniambia usihofu, shemeji, mlingoti umeshakusamehe.

Jumanne, 4 Juni

Dawa imepatikana. Nimejifungia chumbani na kujirekodi kwa simu nikisoma kwa sauti, tangu chai hadi koo lilipokauka. Kesho nitatembea nikijisikiliza. Masikio yatasoma, miguu itatembea. Ajabu hakuna aliyewahi kulifikiria.

Jumatano, 5 Juni

Ukungu. Uwanjani hapana mtu. Sauti yangu masikioni ni safi, hakuna silabi iliyomezwa. Dosari moja tu: nyuma ya sauti kuna nyayo. Nilirekodi nikiwa nimeketi. Niliposimama kufunga kamba ya kiatu, zikasimama. Nilipoondoka, zikachelewa kidogo, kisha zikafuata.

Nimemuuliza binti yangu. Amesema huo ni mwangwi tu, Baba, simu yenyewe imechoka kama mwenyewe. Nimeridhika. Nimevuka nusu ya kitabu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekasirika sana. Katikati ya sura ya harusi, sauti yangu imesoma: "Kinakuja nyuma yako."

Nikageuka. Ukungu, na nyasi zilizolala kana kwamba zimekanyagwa sasa hivi. Hayo hayakunisumbua. Kilichonisumbua ni upatanisho. Nimefundisha sarufi maisha yangu yote: chenye uhai huchukua a-, hata jina lake likianza na ki-. Kinyozi anakuja. Kiboko anakuja. "Kinakuja" ni nini?

Nyumbani nimefungua kitabu. Sentensi hiyo haimo. Basi nimeiongeza mwenyewe kwa usingizi, tena nimeiongeza kwa kosa. Aibu tupu. Nimefuta yote na kurekodi upya nikiwa macho kabisa.

Ijumaa, 7 Juni

Rekodi mpya, ukungu uleule. "Kinakuja. Kimekaribia. Kina baridi."

Nimesimama katikati ya uwanja na kusahihisha kwa sauti: anakuja, amekaribia, ana baridi. Rudia. Kisha sauti yangu ikajibu polepole, kama mwanafunzi mkaidi aliyekaa nyuma ya darasa: "Hakina uhai."

Kwa hiyo kanuni ilifuatwa. Nimemaliza mzunguko kwa mwendo wa kasi, jambo ambalo ni zuri kwa moyo.

Mkaguzi alikuwa ukutani, akicheka. Ameniuliza, shemeji, leo unazifundisha nyasi? Hapo hila ikanijia. Nimemvisha nyaya za masikioni na kumwambia kuna jambo katika kitabu ambalo hakulielewa. Azunguke mara moja asikilize. Nilitaka atishike kidogo tu, kesho ajisikie vibaya, abaki nyumbani.

Hakumaliza mzunguko. Amekata katikati ya uwanja akikimbia, kofia imeanguka, hakuirudia. Nimemuuliza kulikoni. Akahema, akasema kilikuwa kinamfuata, na alipogeuka nacho kiligeuka.

Nimeduwaa. Tangu nimjue, shemeji yangu hajawahi kupatanisha sentensi mbili mfululizo.

Kisha amenishika mkono wa shati na kunisihi nisikanyage tena hapa. Tutembee pamoja mtaa wa maduka, kwenye watu, yeye atanibebea kitabu. Nimemwelewa upesi. Anataka nisimalize.

Jumamosi, 8 Juni

Nimemaliza alfajiri, kitini, kwa macho.

Mkutano ulifanyika chumba cha nyuma cha fundi cherehani, mwanachama wetu. Mkaguzi alisimama, macho mekundu, akasema anajitoa. Kiti aachiwe shemeji yake, kwa sharti moja: shemeji aahidi mbele ya wote kwamba uwanjani harudi. Watu wakanitazama. Nikasema kwa sauti ya kusikika: "Sirudi." Wakapiga makofi. Hakuna aliyetambua kwamba hiyo ni njeo ya wakati uliopo, na kwa wakati uliopo nilikuwa nimeketi kwa fundi. Kuhusu wakati ujao sikutamka neno.

Uenyekiti ni wangu. Fundi aliyekaa karibu nami alihamisha kiti chake, akidai hapo pana ubaridi. Dirisha lilikuwa limefungwa. Watu wana wivu.

Nimerudi nyumbani na kurekodi mwanzo wa kitabu cha mwezi ujao. Mwenyekiti lazima awe mbele.

Jumapili, 9 Juni

Nimekwenda. Ukungu mzito, kofia ya Mkaguzi bado iko palepale. Nyayo zilinifuata, zikaongeza kasi, zikafika miguuni pangu na hazikupita. Papo hapo sauti ikasoma: "Anakuja. Amefika."

A-! Kufundisha si kazi bure. Nilijua ni suala la kurudiarudia tu.

Binti yangu amekuja kunipima. Kipimo cha presha hakikuonyesha kitu. Akabadilisha betri. Hakikuonyesha kitu. Akanishika kifundo cha mkono kwa muda mrefu, halafu shingo, halafu akasema kwa sauti ndogo, Baba, tafadhali usisogee, namfuata daktari. Ametoka mbio, viatu kaviacha mlangoni. Vifaa vya siku hizi vibovu kabisa. Mimi sijisikii vibaya. Sijisikii chochote.

Nikimsubiri, nimesikiliza tena sura ya kwanza. Usomaji umeboreka. Limebaki kosa moja la upatanisho, pale mwishoni, nami nitakwenda kulirekebisha kesho asubuhi uwanjani: "Mwalimu kimekaa kitini. Kinaandika."