Nilivyojipigilia Misumari Ndani ya Nyumba Yangu

Leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya mama mkwe na mbele ya laini yetu yote ya nyumba za Shauri Moyo.

Naandika haraka kabla wengine hawajaanza kusimulia kwa namna yao. (Wameshaanza. Nasikia kicheko kule mferejini wanakochota maji.)

Nianze na ukweli, hata kama hauninufaishi. Mlango wetu wa nje uliharibika wiki tatu zilizopita. Fremu ilipasuka upande wa kitasa mpaka chini, na pale chini penyewe palikuwa pameshaoza kwa maji ya mvua na meno ya mchwa. Mke wangu, mama Eliza, aliporudi kliniki na mtoto akauliza nani amefanya hivi, nilisema, "Wezi."

Neno moja tu. Sijui lilitoka wapi. Ukweli ni kwamba nilirudi kazini nimesahau ufunguo, mvua inaninyeshea mgongoni, nikaupiga mlango teke. Moja. (Mawili. Nisipunguze.)

"Wezi wameiba nini?" akauliza.

"Hawakuiba. Walishtuka wakatoka mbio."

"Walishtuliwa na nini?"

"Na umaskini."

Alicheka, nikadhani mambo yamekwisha. Kumbe uongo ukitoka nyumbani haurudi peke yake. Jumatatu pale mferejini wezi walikuwa wawili. Jumatano walikuwa watano na panga. Wiki iliyofuata walikuwa wamefika kwetu magharibi, kwa barua, na mama mkwe akajibu kwa barua yake. Nainukuu kwa haki, bila kuongeza: "Nakuja Jumamosi kumwona mjukuu. Huo mlango nitautazama kwa macho yangu. Ukiwa haufai, nitarudi na binti yangu na mtoto, mpaka mkwe wangu apate nyumba inayofungika."

Basi. Mateke mawili, na sasa mke na mtoto wananiondokea.

Lazima nieleze jambo moja. Kwetu, mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Humshiki mkono. Humtazami usoni. Hamkai chini ya dari moja, na nyumba yetu ni chumba kimoja, dari ni hiyo moja. Ukimgusa, hata kwa bahati mbaya, mambo yanafika kwa wazee na kondoo wa kulipia kosa anatafutwa. Kwa hiyo tulipanga hivi: akifika, mimi nitakuwa nimesimama nje, nimevaa suti, nimsalimu kwa mbali, kisha niondoke niwaachie nyumba. Mpango mzuri. Ulihitaji kitu kimoja tu, kwamba mimi niwe nje.

Alhamisi nilimwita Mzee Njoroge, jirani yetu wa mlango wa tatu, fundi wa mbao pale Gikomba. Aliidunga fremu kwa bisibisi pale chini, bisibisi ikazama kama kidole ndani ya ugali. Akatikisa kichwa.

"Baba Eliza, hii fremu iliachana na ukuta zamani. Wanakaa pamoja tu kwa sababu ya watoto."

"Itapona?"

"Itapona. Nitakata hapa palipooza, niunge mguu mpya, nipake oili chafu mchwa wasirudi. Halafu niishike ukutani na vyuma na simiti. Nitakuja Jumamosi jioni nikimaliza kazi."

Mama mkwe angefika Jumamosi saa sita mchana.

Nisimsingizie Mzee Njoroge. Hakukataa kazi. Alisema jioni, na jioni ni wakati halali. Mwenye haraka nilikuwa mimi. Mama Eliza naye nisimsingizie. Leo asubuhi, akiwa amembeba mtoto mgongoni kwenda kumpokea mama yake kwenye stesheni ya mabasi, aliniambia maneno yaliyo wazi kabisa:

"Baba Eliza, huo mlango usiuguse."

"Sitaugusa."

"Nakujua."

"Nimesema sitaugusa!"

Hakuwa amefika kwenye kona, nami nilikuwa nimeshika nyundo.

Sasa sikilizeni ufundi. Mlango wetu unafunguka kwa kuingia ndani. Ukiufunga, kati yake na ile fremu iliyopasuka panabaki ufa ambao mwanga unapita, baridi inapita, na paka wa jirani anapitisha mkono. Nikawaza: mama mkwe akiona ufa huu, nimekwisha. Nilikuwa na mbao mbili ndefu chini ya kitanda, nene, ngumu, nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya rafu ya vyombo. (Rafu niliiahidi mwaka juzi. Hilo nalo liandikwe.) Nikajifungia ndani ili upepo usiuchezeshe mlango nikifanya kazi. Nikausimamisha ubao wa kwanza juu ya fremu, kwa ndani, nikausogeza mpaka ukaufunika ufa wote na kuukalia mlango vizuri, kama inchi mbili hivi. Nikapigilia. Misumari ya inchi sita, minane.

Mwanga ukakatika kabisa. Jamani, nilipiga hatua nyuma nikajitazama. Maana yake nilitazama ubao, lakini niliyekuwa nikimwona ni mimi.

Halafu nikaona upande wa pili, wa bawaba, umebaki mtupu. Haikuwa haki. Upande mmoja umepata ubao mpya, mwingine haukupata, kwa kosa gani? Nikaupa nao ubao wake, nao ukaukalia mlango inchi mbili. Misumari minane, sawa na mwenzake. Nimewahi kumwona Mzee Njoroge akizamisha vichwa vya misumari ndani ya mbao ili kazi ionekane safi. Nami nikaizamisha yote kumi na sita, kwa patasi butu, mpaka hakuna kichwa kinachoonekana. Mwizi ataanzia wapi?

Nikaoga kwenye karai. Nikavaa suti. Nikafunga tai. Nikachana nywele. Saa sita kasoro robo nikaenda kufungua mlango nitoke nikasimame nje kwa heshima.

Nikazungusha kitasa. Nikavuta.

Nikavuta tena.

Nikaweka mguu ukutani nikavuta kwa mikono miwili. Ndipo akili ikaja, taratibu, kama mgeni asiyetaka kuchafua zulia. Mlango unafunguka kwa kuja ndani. Na ndani, kushoto na kulia, unashikiliwa na mbao mbili imara, zilizopigiliwa na mtu ambaye siku hiyo hakutaka kupendelea upande.

Dirisha lina nondo. Nyundo yangu ya kung'olea misumari ina sikio moja (nililivunja mwenyewe, nikikiri yote). Na hata ingekuwa na masikio kama ya sungura, ingeng'oa nini? Vichwa nilivizamisha.

Nikamwona Mzee Njoroge akipita dirishani, amerudi kula chakula cha mchana. Nikamwita kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

"Mzee Njoroge. Mlango umekataa kidogo."

Akaja, akausukuma kidogo, akauchungulia kupitia dirisha. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akavua kofia.

"Baba Eliza, nani alikufungia hivi?"

"Mimi."

"Ukiwa wapi?"

"Hapa hapa ndani."

Hakucheka. Kwa haki, alijitahidi sana asicheke, mpaka mshipa wa shingo ukamtoka. Akasema, "Ngoja nirudi Gikomba nilete mtaimbo, nikupitishie hapa dirishani. Dakika ishirini." Lakini kabla hajaondoka nikasikia sauti ya mtoto wangu akilia, na nyuma yake sauti nzito ninayoifahamu bila kuiangalia.

Mama mkwe alikuwa amesafiri usiku kucha. Miguu ilikuwa imemvimba. Alikuwa na mfuko wa mahindi, kuku mmoja hai, na hamu ya kukaa.

"Mama Eliza," nikasema kupitia mlango, nikitoa salamu ya kwetu, "mwambie mama, mulembe."

"Mulembe muno," mama mkwe akaujibu mlango. Kisha akamgeukia binti yake, ingawa mimi nilikuwa nasikia kila neno. "Mwulize mkwe wangu mbona hatoki."

"Mama anauliza mbona hutoki."

"Mwambie mlango umekaza."

"Anasema umekaza."

"Si alisema ulivunjwa?"

"Mama anauliza si ulivunjwa?"

"Mwambie nimeutengeneza."

Mama Eliza akaja dirishani. Akatazama mbao. Akanitazama mimi, na suti, na tai. Hakusema kitu. Kuna wanawake wanaopiga kelele, na mimi leo ningewashukuru.

Watu wakaanza kukusanyika. Mtu wa nyumba ya mwisho alileta stuli yake ili aone vizuri. (Stuli ile ile aliyosema haina mguu nilipoiomba.) Mzee Njoroge akaeleza habari ya mtaimbo. Mama mkwe akasema dakika ishirini ni nyingi kwa miguu yake, na kwamba kwake yeye mlango ni kitu cha kusukumwa.

"Mama, haifai," Mzee Njoroge akasema. "Hizo mbao hazitoki, amepigilia kama mtu anayefungia ng'ombe wa mahari."

"Nami nimezaa watoto tisa. Sogea."

Hapa ndipo heshima yake ilipotumaliza. Kusukuma mlango ukiutazama, huku mkwe yuko upande wa pili na huenda ukafunguka ghafla mkatazamana uso kwa uso, haikuwezekana. Kwa hiyo akageuka. Akauwekea mlango mgongo. Mzee Njoroge akaweka bega. Mama Eliza akamkabidhi jirani mtoto na kuku, akaweka mikono.

"Na wewe huko ndani vuta!" Mzee Njoroge akapaza sauti.

Nikashika kitasa. Nikavuta. Moja. Mbili.

Nataka niwe mkweli kuhusu mbao zangu. Hazikutikisika. Msumari hata mmoja haukuachia. Kilichoachia ni ukuta. Ile ndoa ya fremu na ukuta ilivunjika pale pale, watoto au hakuna watoto. Fremu, mlango na mbao mbili vilitoka kama kitu kimoja, vikaja ndani kwa vumbi na chokaa, vikanisukuma chali kando ya kitanda. Ukingo wa kitanda ukaubeba mlango usinisage. Na juu ya mlango, akitanguliza mgongo kama alivyosukuma, akaja mama mkwe. Akakaa.

Vumbi likatulia. Mimi niko chini ya mlango na tai mdomoni. Mama mkwe yuko juu ya mlango na kitambaa cha kichwa machoni. Laini nzima imesimama pale palipokuwa na fremu, inatazama kama ukumbini. Kuku peke yake ndiye aliyesema kitu.

Kisha mama mkwe, bila kugeuka, akaanza kuongea, polepole.

"Mwulize mkwe wangu. Mlango huu watu watatu tumeshindwa kuufungua mpaka tukabomoa nyumba. Hao wezi waliuvunjaje?"

Mama Eliza akainama kwenye ufa kati ya mlango na kitanda. Nilimwona jicho moja. "Mama anauliza wezi waliuvunjaje."

Ningeweza kusema mlango wa zamani ulikuwa dhaifu. Ingekuwa nusu ya kweli. Lakini mtu akiwa chini ya uzito wa namna ile hana nafasi ya uongo, hata pumzi yenyewe ni ya kugawana.

"Mwambie hakukuwa na wezi," nikasema. "Nilisahau ufunguo. Niliupiga mateke. Mawili."

"Anasema ni yeye, mama. Alisahau ufunguo."

Mlango ukaanza kutetemeka juu yangu. Nikadhani mama mkwe analia. Nikaomba Mungu. Kumbe anacheka! Anacheka mpaka mlango unanigonga kidevu. Mzee Njoroge, aliyekuwa amevumilia tangu saa sita, akakaa chini pale nje akashika tumbo.

Mama mkwe alipopata pumzi akasema, "Mwambie mkwe wangu. Nilikuja kumchukua binti yangu kwa sababu ya wezi. Sasa nimemwona mwizi mwenyewe. Hawezi kutoka, sembuse kuingia. Binti yangu abaki."

Wakamnyanyua yeye kwanza, kisha mlango, kisha mimi. Nikatoka kinyumenyume nimeinamisha macho. Likaja swali la kondoo, maana lazima liulizwe: tumegusana? Mama mkwe alilitoa mwenyewe, akalijibu mwenyewe. Kati yetu kulikuwa na mlango, unene wake inchi moja na nusu, ukiwa umefungwa. Hakuna mzee atakayemdai kondoo mtu aliyekuwa nyuma ya mlango uliofungwa. Nimelipima jambo hili kwa haki kila upande, nikijua linanifaa, na bado naona amesema sawa.

Sasa ni jioni. Mama mkwe yuko ndani anambembeleza mjukuu nyuma ya pazia, na hali ya mlango ni kwamba haupo. Mzee Njoroge amekuja saa ile ile aliyosema. Amekata palipooza, ameunga mguu mpya, amepaka oili chafu, na sasa anakoroga simiti ya kushika vile vyuma. Mbao zangu amezitoa kwa msumeno, zimemchukua saa nzima. Nimekaa kwenye jiwe, nimejifutafuta chokaa, naandika.

Kabla ya kugonga msumari wa kwanza, Mzee Njoroge amesimamisha nyundo hewani akaniita.

"Baba Eliza, uko nje au ndani?"

"Nje."

"Una hakika?"

Nimejitazama kwanza ndipo nikajibu. Tafadhali msicheke.