Mpaka Mizani Isome Chini ya Mia

Jumatatu, 3 Machi
Upande wake wa kitanda bado mtupu. Nimejaribu kulala katikati, sikupata raha. Mke wangu yuko kwa dada yake, mtaa wa pili tu kutoka hapa. Aliondoka siku daktari aliposema moyo wangu umechoka kunibeba. Alisema hawezi kukaa akinitazama nikijiua kwa kijiko. Atarudi mizani ya zahanati ikisoma chini ya kilo mia. Mimi na mia tuliachana zamani!

Kosa langu? Hata kidogo. Soda ni rahisi kuliko maji, na barabara haina njia ya waenda kwa miguu. Ijumaa madiwani wanajadili ushuru wa soda na ujenzi wa hiyo njia. Acha serikali inikondeshe. Ndiyo kazi yake.

Jumanne, 4 Machi
Nimeanza kwenda kazini kwa miguu. Kufika duka la mikate, miguu ikagoma. Nikala keki mbili nipate nguvu za mazoezi. Diwani wetu, mwenye ghala la soda, alikuwa mlangoni. Akaniita Bonge, akaniuliza kama ni serikali iliyonishika mkono ikanitia keki mdomoni. Nikatikisa kichwa. Mdomo ulikuwa umejaa.

Jioni nimeuona mtandio wa mke wangu nyuma ya mlango. Nimeunusa. Nimemkumbuka mno.

Jumatano, 5 Machi
Wazo! Mimi ni nani? Mkaguzi wa mizani wa halmashauri! Nimekwenda zahanati na mawe yangu ya kupimia, bisibisi na muhuri. Nimelegeza skrubu kidogo, mizani ikameza kilo kumi na mbili. Nikagonga muhuri. Halali kabisa.

Alhamisi, 6 Machi
Tisini na nane! Muuguzi amenipigia makofi. Nimempigia simu mke wangu. Amecheka kile kicheko chake kinachoanzia puani. Jumamosi anarudi! Nimeosha vyombo vyote, nimetandika shuka analolipenda. Nimeimba hata.

Dosari moja. Muuguzi anasema ajabu, mtaa mzima umepungua. Amewapelekea madiwani habari hizo njema.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Diwani kasimama kikaoni, kasema wananchi wamejikondesha wenyewe, ushuru wa nini, njia ya nini, kila mtu autunze mwili wake. Kisha akaniita mbele. Mimi! Eti mfano hai wa mtu asiyeisubiri serikali. Nilitaka kusema ukweli. Nikaliona akilini begi la mke wangu sebuleni, kesho. Nikapunga mkono. Makofi yakalia, ushuru ukatupwa, na njia ikatupwa.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu amekuja. Amenikumbatia, na mikono yake haikukutana mgongoni kwangu. Akasema amepitia zahanati, naye amepungua kilo kumi na mbili, ilhali kwa dada yake anakula vizuri tu. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akasema hakutaka namba, alitaka mume wa kuzeeka naye. Nikalia. Naye akalia.

Akaniamuru nikairekebishe mizani. Nimeirekebisha. Kisha akalegea kidogo: atabaki kwa dada yake, nami kuanzia kesho niende huko kwa shemeji kila jioni, kwa miguu yangu mwenyewe, tule pamoja. Nikiweza mwezi mzima, anarudi nyumbani, mizani iseme itakavyosema.

Mwezi tu! Nimeapa mara mbili.

Jumapili, 9 Machi
Nimevaa shati jeupe. Nimejipaka manukato. Nilikuwa na hamu naye mpaka kifua kinauma. Lakini njia iko wapi? Magari yanapita yakikugusa viwiko! Mtu atembee wapi, serikali ikikataa kujenga? Nikapanda pikipiki. Nikamwambia dereva anishushe kona ya mwisho kabla ya kwa shemeji. Nikajimwagia chupa ya maji kichwani, mgongoni na kwapani. Jasho safi kabisa.

Kuinua macho, mke wangu huyu hapa. Amevaa raba. Alikuwa ametoka kuja kunilaki njiani, ili tumalizie safari pamoja. Akaitazama chupa. Akanitazama mimi. Akageuka, akarudi polepole, nami nikabaki nimesimama, maji yakinichuruzika. Sijawahi kumtamani vile.

Nimerudi na pikipiki ileile. Kesho nitamwambia dereva anishushe kona ya mbali zaidi.