Uchunguzi Wangu wa Siri wa Panya Wanene

Jumatatu, 5 Julai 1999
Melbourne baridi. Panya wetu wanene wamegawanywa. Chupa A kwa kundi moja, chupa B kwa jingine. Moja ina kipande cha homoni ya ukuaji, cha kutengenezwa maabara. Tunataka kujua kama kinayeyusha mafuta bila kukuza mwili. Nyingine, maji ya chumvi tu. Ipi ni ipi? Siri! Jibu liko kwenye bahasha, bahasha anayo Glenys wa meza ya pili. Dokta Pettifer, mkuu wa maabara, ametuonya: panya wapimwe Jumatatu tu, wasisumbuliwe. Jaribio likifaulu, jina langu litaingia kwenye ripoti. Mara ya kwanza kwa miaka kumi na moja ya kazi!

Jumanne, 6 Julai
Nimempelekea Glenys pai ya nyama, ya moto, na sosi. Nikagusia bahasha. Kala pai yote, kisha akaniambia, "Neville, hebu kaoshe vizimba, baba." Mchoyo!

Jumatano, 7 Julai
Bahasha ya nini? Nina macho, nina mizani. Wenzangu walipokwenda kunywa chai niliwapima kundi B, nikawabinya na matumbo. Sijaona kitu. Nitapima mara tatu kwa siku. A sitawagusa, kundi moja linatosha.

Jumamosi, 10 Julai
B wanapungua! Halafu wamechangamka ajabu. Wakiniona tu, wanatimua mbio hadi pembeni. Nguvu hizo wamezitoa wapi kama si kwenye dawa? Roho yangu kwatu.

Jumatatu, 19 Julai
Nimewatangazia wote kuwa dawa ni B. Bahasha ikafunguliwa. B ni maji ya chumvi! Dokta akauliza nani amekuwa akiwashika. Nikakana. Glenys akanisukuma mbele ya kizimba. Panya wote wakajifukia kwenye maranda. "Haya, kana tena," akasema. Dokta anadai panya mwenye hofu hali chakula, ndiyo maana wamekonda. Jaribio linaanza upya, na jina langu limefutwa. Iliniuma sana.

Jumanne, 20 Julai
Nimefikiri upya. Dokta hajui anachokiona! Walipewa maji ya chumvi, wakakonda. Ushahidi gani tena? Leo nimekunywa glasi nne. Kichefuchefu tangu asubuhi, hata biskuti haipiti. Nimepungua nusu kilo. Inafanya kazi!