Ombi la Kurudishiwa Mjukuu Aliyezaliwa Badajoz

Campo Maior, Ureno

Ndugu Msajili wa Vizazi, Badajoz,

Pokea salamu za jirani. Naandika kwa heshima zote kukuomba unirudishie mjukuu wangu, Benedita, ambaye juzi ofisi yako ilimwandika kuwa Mhispania wa kuzaliwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Miaka thelathini iliyopita mke wangu Deolinda alivuka mpaka kununua peremende, kama tulivyozoea sote, akajifungulia huko huko binti yetu Graciete. Nilipomlaumu alinijibu, "Ulitaka nimbane mpaka tufike nyumbani?" Graciete alibaki Mreno kama wazazi wake, tukadhani yamekwisha.

2. Hayakwisha. Graciete naye kaenda kujifungulia kwenu, na sheria yenu inasema mtoto akizaliwa Hispania na mzazi aliyezaliwa Hispania, basi ni wenu. Yaani uchungu wa wanawake wawili umefanya kazi iliyoyashinda majeshi yenu karne nzima.

3. Saa zenu zinatangulia zetu kwa saa moja. Benedita alizaliwa kwenu ikiwa tarehe saba, kwetu bado sita. Keki tukate lini?

4. Nilimfunika skafu ya timu yetu ya taifa, akaicheulia maziwa. Sitaki kumsingizia mtoto mchanga, ila niliona alivyonitazama.

5. Nusu ya wanawake wa hapa siku hizi wanajifungulia kwenu, maana wodi yenu ndiyo ya karibu. Kwa mwendo huu mji mzima utahamia Hispania bila mtu kubeba hata kiti.

Mkwe wangu anasema mtoto ni Mreno vilevile, nisijisumbue. Mimi kugawana siwezi. Naogopa atakua akiwa mgeni mapajani mwangu. Kwa hiyo ama mfute jina lake, ama msogeze mpaka kidogo, wodi ya wazazi ibaki upande wetu.

Wasalimie wote ofisini, hasa yule dada wa dirisha la pili aliyeyasifu macho ya mtoto.

Jirani yako mwenye kinyongo,
Firmino Balsinha

Tanbihi: Graciete ameisoma barua hii, akaniuliza swali moja tu: "Baba, huwa unambembeleza kwa wimbo gani?" Nambembeleza kwa ule alioniimbia mama yangu, na mama alikuwa Mhispania wa Alburquerque. Mwingine siujui, na Benedita halali bila huo. Sasa naambiwa mtoto wa mama Mhispania naye anaweza kuomba uraia. Tafadhali niandikie nije na karatasi gani, isije mjukuu wangu akawa raia mahali ambapo babu yake ni mgeni.