Lebo ya Elki Jike

"Taifa linalojiheshimu huanza kwa kudhibiti magurudumu yake!"

Hayo yalikuwa maneno ya Bwana Harlan Pettibone, Mkurugenzi wa Msitu wa Umma wa Sorrel, siku alipopanda jukwaani katika ukumbi wa zimamoto wa mji wa Larkin, huko Montana, kutangaza Kanuni za Urejeshaji wa Mawindo kwa Vyombo vya Moto. Wawindaji walikuwa wameketi kofia zikiwa magotini, nyuso zao kama za watu wanaosubiri kung'olewa meno. Aliyepiga makofi ni mmoja tu, afisa wa doria Verlin Stroud, na alipiga mpaka viganja vikamwasha.

Verlin alikuwa mtu mwema, asiye na hila. Kanuni aliziamini kama mgonjwa anavyoamini dawa: ikizidi uchungu, ndivyo inavyoponya. Na ukweli usemwe, ugonjwa ulikuwepo. Elki ni mnyama wa jamii ya kulungu, lakini mwili wake ni wa ng'ombe, na akiangukia bondeni mbali na barabara, hakuna mgongo wa mwanadamu utakaombeba akiwa mzima. Basi watu walizoea kumfuata kwa pikipiki za magurudumu manne, wengine wakizungukazunguka kwenye majani mabichi kama ng'ombe wa kupura nafaka, na mabonde yakabaki na makovu. Jambo la kufanya lilikuwa wazi. Bwana Pettibone akafanya jingine.

Kanuni zilisema hivi: chombo kitaacha barabara pale tu mnyama atakapokuwa amekufa, amefungwa lebo ya mwindaji, yaani kibali cha mnyama mmoja kinachofungwa mguuni, na kifo chake kimethibitishwa na afisa aliyefika kwa miguu. Chombo hicho kitabeba dereva na mawindo, basi. Ama Gari la Tathmini la Ofisi, lenye minyororo badala ya matairi kama kifaru cha vita, hilo lingepita popote. Likikanyaga majani haliharibu, linatathmini.

Mavuno ya busara hiyo yalionekana mapema. Mzee Lindquist, fundi viatu mstaafu, aliangusha elki akaketi kando ya barabara kumsubiri afisa. Maafisa walikuwa kwenye semina ya kuthibitisha vifo. Walipotoka, dubu alikuwa ameshathibitisha, akala na kushiba. Ofisi ilitoa taarifa kwamba nyama ilirejeshwa kwa mafanikio, ingawa si kwa mhusika. Verlin aliisoma taarifa hiyo, akahisi kitu kidogo kikimkwaruza kifuani, akadhani ni kiungulia.

Kisha ikaja zamu ya Ardis Tollefson.

Huyu alikuwa mjane, mwanamke mrefu mkavu, aliyemfundisha Verlin kuogelea utotoni kwa kumsukumia mtoni. Nyama yake ya majira yote ya baridi ilitoka msituni. Duka la nyama la Larkin alilipita kama mtu anayepita nyumba ya mchawi. Asubuhi hiyo alipiga dume zuri chini ya kilima, ng'ambo ya bonde lenye majani marefu. Akalifunga lebo, akalichuna, akakata vipande vinne na kuvitundika kivulini. Bahati mbaya siku ilichanganyikiwa, jua likawaka kama la kiangazi, na nzi wakapelekeana habari.

Verlin alifika kwa miguu, akihema, jasho likimchuruzika mgongoni.

"Amekufa?" aliuliza.

"Verlin mwanangu," Ardis akasema, "kichwa kile pale. Miguu ile pale. Moyo nimeuweka kwenye mfuko."

"Naona, Mama Ardis. Lakini nauliza kama amekufa."

"Kama hajafa, basi ana uvumilivu mkubwa."

Kanuni ilimtaka afisa aguse jicho la mnyama kwa kijiti na kusubiri. Verlin akakata kijiti, akachuchumaa mbele ya kile kichwa, akagusa. Akasubiri. Elki hakusema neno. Verlin akaridhika, akachukua redio ya mkononi kumruhusu Orville, shemeji yake Ardis, aliyekuwa barabarani ameikalia pikipiki yake kama kuku anayeatamia.

Kabla hajamaliza kusema, mngurumo ukasikika bondeni. Gari la Tathmini lilikuwa linakuja, Mkurugenzi mwenyewe usukani. Alikuwa amesikia mazungumzo redioni na kuamua kuja kujionea kanuni zake zikifanya kazi.

"Usipite hapo!" Ardis akapaza sauti, akipunga mikono yote miwili. "Chini ya majani pana tope!"

Mkurugenzi alitoa kichwa dirishani, akatabasamu. "Mama, eneo hili tuna ramani yake!"

Ramani ilibaki kavu. Gari liliinamisha pua kwa adabu, likazama mpaka milangoni, likatoa kishindo kama mtu aliyeshiba, likanyamaza. Bwana Pettibone akafungua mlango kwa hasira, akaruka, mguu mmoja ukafuata mwili na mwingine ukabaki kwenye tope. Walisikia mfupa. Verlin alisema baadaye kwamba sauti ile ilikuwa kama tawi kavu, ila tawi halitukani.

Wakamvuta hadi penye nyasi ngumu, tope limemvaa toka kisogoni hadi visigino. Ardis akaufunga mguu kwa vipande viwili vya mti na mkanda wa bunduki yake, kwa upole kuliko ilivyotarajiwa. Mkurugenzi akanyakua redio na kuita makao makuu ya jimbo, akaomba helikopta.

Makao makuu walimsikiliza kwa heshima. Wakamjibu kwamba maombi yote ya dharura sharti yaidhinishwe kwanza na Mkurugenzi wa msitu husika.

"Mimi ndiye Mkurugenzi!"

"Vizuri sana, bwana. Basi tunasubiri idhini yako. Ilete kwa utaratibu."

Wakati huo Orville akafika na pikipiki yake, taratibu, kwa njia ya mawe isiyoumiza jani. Alikuwa mzee mnene, aliyemtania Ardis tangu siku alipoolewa kwao na hakupanga kuacha.

"Shemeji," alisema, akimtazama Mkurugenzi pale chini, "nilidhani umepiga dume. Hiki ni nini?"

"Nipakieni!" akafoka Mkurugenzi.

Hapo Verlin akakohoa. Hakupenda kukohoa, lakini kanuni zilikuwa kooni. "Bwana Mkurugenzi, chombo hubeba dereva na mawindo. Basi."

"Mimi ni majeruhi, mpumbavu wewe!"

"Kifungu cha majeruhi kilikuwepo, bwana. Ulikifuta kwa mkono wako. Ulisema tukikiacha, wawindaji watavunjika miguu makusudi."

Nzi tu ndio walioendelea na shughuli zao.

"Nakuamuru uivunje kanuni," Mkurugenzi akasema, sauti imeshuka.

Verlin alimtazama. Alimpenda mtu huyu. Alikuwa na picha yake ukutani, kando ya ile ya mama yake mzazi. Lakini kile kitu kilichokuwa kikimkwaruza kifuani kilirudi, na safari hii akajua si kiungulia.

"Nikiivunja leo kwa ajili yako, bwana," alisema polepole, "kesho nitamwambia nini Mzee Lindquist?"

Ardis alikuwa ameshaanza kufunga mapaja ya elki nyuma ya pikipiki. "Nyama kwanza," alisema bila kugeuka. "Jua linapanda. Mkurugenzi haozi upesi."

"Mbona kama ameshaanza?" Orville akauliza, akivuta hewa.

Nyama ikaenda. Mkurugenzi akabaki chini ya jua, Verlin amesimama pembeni akimkingia kivuli kwa kofia yake, kwa kuwa jambo hilo hakuna kifungu kilicholikataza. Orville aliporudi kuchukua kichwa na mabega, akakuta Mkurugenzi amepauka na meno yanagongana. Hata Ardis hakuwa na mzaha tena.

"Hatuwezi kumwacha hapa," alisema. "Verlin, kanuni yako inataka nini? Useme kwa lugha ya kueleweka."

"Mawindo. Yenye lebo. Yaliyothibitishwa kufa."

Ardis akamgeukia shemeji yake. "Una lebo?"

Orville akajipekua mifukoni. "Ninayo moja. Ya elki jike."

Wote wakamtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi akatazama lile Gari la Tathmini, lililobakiza paa tu, na kunguru wawili juu yake wakitathmini. Akainua mkono mchafu.

"Ifungeni," alisema.

Orville akamfunga lebo kwenye kifundo cha mguu mzima, akavuta kamba ikakaza. "Halafu kuna kile kifungu kinachosema alama ya jinsia isiondolewe mwilini mpaka mnyama afike kwa mkaguzi, tena ionekane wazi..."

"Orville!" Ardis akamkata. Mkurugenzi alikuwa ameshafunga vifungo vyote vya koti.

Kikabaki kifo. Verlin akakata kijiti, akachuchumaa. "Ulale kimya, bwana," alinong'ona. Mkurugenzi akatulia. Kijiti kikagusa ukope, ukope ukapepesa, chozi likatoka. Na Verlin Stroud, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, akageuza uso na kutazama milima.

"Amekufa," alisema.

Barabarani palikuwa na kizuizi cha ukaguzi, na foleni ya pikapu zenye wawindaji waliochoka. Mkaguzi alikuwa Renata Quill, mwanamke mfupi asiyecheka, aliyefundishwa kazi na Bwana Pettibone mwenyewe na kufaulu kupita wenzake wote. Orville akasimamisha pikipiki, Verlin na Ardis wakamfikia kwa miguu. Nyuma yake, katikati ya pembe za dume, Mkurugenzi alikuwa amelala chali amefumba macho.

Renata akaikagua lebo ya dume, akaipitisha. Akainama kwenye lebo ya pili.

"Elki jike."

"Ndivyo lebo inavyosema," Orville akajibu.

"Ulimpiga wapi?"

"Sikumpiga. Alianguka mwenyewe."

Wawindaji walishuka kwenye pikapu zao, wakazunguka. Waliutambua uso ule hata chini ya tope. Mmoja akavua kofia, wengine wakafuata, kwa sababu wengi wao walilelewa vizuri. Mzee Lindquist akapenya mpaka mbele, akamkagua kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Amenona," alisema. "Msimu ulikuwa mzuri kwake."

Jicho la Mkurugenzi likafumbuka kidogo, likamkonyeza Renata.

"Afisa Stroud," Renata akasema, "mnyama wako amekonyeza. Yu hai?"

Sasa Mkurugenzi alikuwa na njia mbili. Angeweza kukaa kitako na kusema yu hai, na hapo ingekuwa wazi mbele ya wilaya nzima kwamba kanuni imevunjwa na mwenye kanuni. Au angenyamaza awe nyama. Alikuwa mtumishi wa umma wa muda mrefu. Akanyamaza.

"Ni mishipa tu," Verlin akasema, uso umemwiva. "Hutokea."

Renata akafikiri. "Basi nasikitika. Msimu wa majike upande huu ulifungwa Jumapili. Haya ni mawindo haramu, yanataifishwa. Nyama yote iliyotaifishwa hupelekwa jikoni kwenye nyumba ya wazee ya Larkin." Akampigia Orville saluti. "Mpeleke, mzee, kabla hajaharibika."

Wasiojua wanaweza kudhani Renata alikuwa katili. Hospitali ya karibu ilikuwa ng'ambo ya milima, na nyumba ya wazee ndiko alikokuwa muuguzi pekee wa wilaya. Kama alilifikiria hilo ama la, uso wake haukusema.

Mpishi wa wazee alitoka na aproni yake, akampokea na kutia saini kama anavyopokea mawindo yote. "Safari hii hamjachuna?" aliuliza. Hapo ndipo Mkurugenzi alipofufuka, na kwa sauti iliyowaamsha hata wazee waliokuwa hawasikii. Muuguzi akamchoma sindano, akaunyoosha mguu, akampa kitanda dirishani kati ya bibi mmoja aliyekuwa akifuma soksi na babu aliyeamini kwamba mgeni ni mdogo wake. Jioni Ardis alileta sufuria ya mchuzi wa elki na viazi kwa ajili ya wote. Akampakulia Mkurugenzi bakuli kubwa. Inasemekana alikula akaomba tena.

Makao makuu, kwa kukosa Mkurugenzi anayeweza kusimama, walimkaimisha Verlin. Siku ya kwanza alikirudisha kifungu cha majeruhi. Siku ya pili alifuta kijiti, na kuruhusu kila mwindaji afuate mnyama wake mara moja, kwa njia ya mawe, bila kusubiri mtu. Mzee Lindquist alikuwa wa kwanza kupita, akampungia mkono. Ile picha ukutani Verlin aliishusha, akaweka kalenda.

Wiki haikuisha kabla simu haijalia mezani. Ilikuwa sauti ya Bwana Pettibone, yenye mamlaka yake yote, na nyuma yake sauti ya bibi ikimwambia anyooshe mikono apimwe sweta.

"Verlin, nimesoma kumbukumbu za ofisi. Zinaonyesha kwamba mimi ni elki jike, haramu, niliyetaifishwa. Jambo hili lifutwe leo. Nakata rufaa."

Verlin akafungua zile kanuni na kutafuta ukurasa, kwa heshima na bila haraka.

"Pole sana, bwana. Ulivyoandika, rufaa hukatwa na mwindaji. Mawindo hayana rufaa."

"Basi muulize mwindaji!"

"Nilimuuliza, bwana," Verlin akasema. "Mzee Orville anasema ameridhika na uamuzi."