Kiwiko cha Profesa

Profesa alipoona mchoro wa mwili wa binadamu umetupwa jalalani nyuma ya chuo cha uuguzi, hakuona taka, aliona ajira. Ulikuwa mchoro wa mtu aliyechunwa ngozi, ugwe wa mgongo umemshuka kama kamba ya kisima, mishipa ya fahamu imetapakaa hadi vidoleni. Profesa, ambaye yeye na shule waliachana mapema na kwa amani, aliufuta tope, akaukunja, akaenda zake kuwa mtaalamu.

Elimu yake yote ilikuwa ulimi. Kesho yake alitandika meza nje ya soko, mchoro nyuma yake, mwiko mkononi. Mteja alikaa, akakunja nne, Profesa akamgonga chini ya goti. Mguu ukaruka.

"Umeona, kaka? Sikuusukuma. Mshipa umelegea, unavuja."

"Unavuja nini?"

"Fahamu."

Kaka huyo, mzima kama farasi, aliondoka na mkanda wa kukaza mishipa, uliokatwa kwenye mpira wa tairi la baiskeli na kushonwa na Profesa mwenyewe. Mguu wa kila mwenye afya huruka ukigongwa hapo, lakini nani hujigonga? Profesa mwenyewe hakujua kwa nini unaruka. Alijua tu kwamba unaruka, na kwa tapeli hiyo ni shahada. Mwenye duka jirani alinunua mikanda miwili, yote ya kwake, mkewe asije akapona kabla yake.

Jumatatu moja akaja bibi mmoja na kikapu. Alikuwa mfagiaji wa chuo kile, amestaafu juzi. Miaka ishirini alipangusa vumbi mchoro uleule huku walimu wakiufundisha. Profesa hakulijua hilo. Aliona mgongo uliopinda, akawaza mkanda mpana.

"Shikamoo, bibi. Kaa nikupime."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hicho kidole cha mwisho mbona unakikunjakunja? Kinakufa ganzi?"

"Kidogo tu."

"Na jirani yake?"

Profesa alivitazama vidole vyote viwili. "Umejuaje?"

Bibi alijua kwa sababu kiwiko cha Profesa kilikuwa kimekita kwenye ukingo wa meza, palepale mshipa wa vidole hivyo viwili unapopita karibu na ngozi. Alikikita hapo kutwa nzima, siku zote, akijipa sura ya msomi. Hilo bibi hakulisema. Alitikisa kichwa kama mtu anayepima sanda.

"Inapanda, mjukuu wangu. Kiwiko, shingo, kisha kichwa. Kichwani kuna jozi kumi na mbili za mishipa. Ya kumi na mbili unaijua kazi yake?"

Profesa aliugeukia mchoro, kwa mara ya kwanza akitamani kuusoma.

"Inaendesha ulimi," bibi alisema kwa upole.

Mtaji wake wote ukawa mzito mdomoni. "Dawa je?"

"Siku saba ukae ndani. Mkono uunyooshe, usiegemee kitu, wala usitamke neno."

"Na meza?"

"Nitakulindia. Tayari umetamka mawili."

Siku saba Profesa alikaa kwa dada yake, mkono umenyooka kama ubao, kimya. Dada alisema hajawahi kuwa na ndugu mzuri hivyo. Ganzi ikaisha. Kiwiko kilikuwa kimepumzika, basi. Profesa akaona muujiza.

Siku ya nane alikuta foleni inazunguka soko. Mezani pake ameketi bibi, koti jeupe, mwiko mkononi, na mto mnene chini ya kiwiko.

"Bibi, meza yangu hiyo."

"Taratibu na huo ulimi, umepona nusu. Kaa, kunja nne."

Profesa alitaka kubisha. Akaukumbuka ulimi, akakaa. Katika magoti yote aliyoyagonga, lake halikuwamo. Mwiko ukashuka. Mguu ukaruka, ukapiga meza.

Aliushika mguu wake kwa mikono miwili.

"Unavuja?" alinong'ona.

Bibi alimwekea mkanda mbele yake. Profesa aliitambua mishono yake mwenyewe, hata pale alipojichoma sindano.

Akaomba miwili.